Baridi ya Ugogoni

Watu wengi wanaijua Dodoma ya mchana. Ni Dodoma ya vumbi na jua la utosini, ya zabibu zinazonadiwa kwenye madirisha ya mabasi, ya vikao vya bajeti na misafara ya wakubwa. Mgeni akishuka mchana wa Julai anakuta joto la nyuzi 26 au 27, anavua koti lake na kumshangaa mzee aliyejitanda mgolole. Mgeni huyo akilala mjini kwenye nyumba yenye dari na vioo, ataondoka bila kujua kinachoendelea mwendo mfupi tu kutoka hapo, vijijini, ambako kuanzia saa 9 usiku hakuna mtoto anayelala akiwa amenyoosha miguu.

Nimezaliwa na kukulia upande wa Chamwino, Ugogoni, yaani nchi ya Wagogo wa Dodoma, na kipupwe kikiingia huwa natafuta ruhusa kazini nirudi kwa mama. Naandika haya kwa sababu baridi yetu haizungumzwi. Ukame wa Dodoma unazungumzwa, njaa inazungumzwa, joto la Oktoba linazungumzwa. Baridi inapita kimya, ilhali kwa miezi mitatu, Juni mpaka Agosti, ndiyo inayopanga saa ya kuamka, nani alale wapi, kuni zitafutwe umbali gani na kuku wangapi watabaki bandani.

Theluji hatuna. Theluji ya nchi hii iko Kilimanjaro, kwenye mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, na wengi wetu tumeishia kuiona pichani. Hata Makete na Kitulo, kule Njombe, kuna asubuhi za Juni na Julai ambazo umande huganda juu ya majani na kuyababua kama yamepitiwa na moto. Mwalimu mmoja wa shule yetu ya msingi ni mtu wa Makete. Alipohamia kijijini alituona tunadeka. Julai ilipofika akaanza kuvaa makoti mawili. Siku moja tukiwa dukani akaniambia, "Dada, kule kwetu baridi inakaa mahali pamoja, unaizoea. Ya hapa inakimbia. Inakupiga, inapita, inarudi tena." Alikuwa anazungumzia upepo, na hakuna maelezo ya baridi ya Ugogoni niliyowahi kusikia yakaipata sawasawa kama hayo.

Ugogo ni uwanda wa juu. Mji wa Dodoma wenyewe uko kwenye mita 1,100 na ushee. Juni jua linakuwa limesogea mbali kaskazini, na upepo wa kusi unavuma kutoka kusini-mashariki, unatua unyevu wake pwani na kwenye milima ya mashariki kama Uluguru, kisha unatufikia sisi ukiwa mkavu. Mvua zetu, ambazo kwa mwaka mzima hazifiki hata milimita 600 kwa wastani, zinakuwa zimekwisha tangu Aprili. Mbingu ni nyeupe, hakuna wingu la kuifunika ardhi usiku, na ardhi yenyewe iko uchi kwa kuwa majani yamekauka. Joto lote lililokusanywa mchana linaondoka kwenda juu. Kwa hiyo kabla ya alfajiri kipimajoto kinashuka, kwa wastani wa Julai, mpaka nyuzi 13 au 14, na zipo siku kinashuka zaidi ya hapo. Nyuzi 13 ni kitu kidogo ukizisoma kwenye simu. Kwa bibi aliyelala chini juu ya ngozi ya ng'ombe, kwenye chumba ambacho upepo unaingia kwa juu na kutokea chini ya mlango, ni usiku mrefu.

Upepo huohuo ndio unaotupepetea nafaka. Hapa lazima niusifu, maana bila huo tusingekula. Uwele unakatwa Mei, mtama unafuata, masuke yanaanikwa juu ya kichanja mpaka yakauke kabisa. Kisha unatengenezwa uwanja wa kupuria: ardhi inasawazishwa, inamwagiwa maji, inasiribwa kwa udongo uliochanganywa na mavi mabichi ya ng'ombe na kuachwa mpaka iwe ngumu, isitoe mchanga. Masuke yanamwagwa hapo na kupigwa kwa fimbo. Kisha wanawake wanasimama na ungo au kibuyu kilichokatwa, wanauinua juu ya bega, wanaimimina nafaka polepole. Upepo unachukua makapi. Punje nzito zinaanguka karibu na miguu, nyepesi zinakwenda mbele kidogo, na mama yangu anajua kwa kuangalia tu ni mstari upi uwekwe kwa mbegu, upi ni wa chakula, upi ni wa kuku.

Kazi hii haina saa ya kwenye ukuta. Inasubiri upepo utulie mwelekeo. Unaweza kukaa asubuhi nzima na ungo magotini kwa kuwa upepo unazunguka, halafu ukaja ghafla mchana na watu wote wakainuka kwa pamoja. Makapi ya uwele yanawasha vibaya, yanaingia shingoni, kwenye kope, ndani ya kanga hata ukijifunika vipi. Jioni unahitaji kuoga, na hapo ndipo unapokutana na baridi uso kwa uso, kwa sababu maji ya kuoga ni ya mtungi uliokaa kivulini, na kuyachemsha ni kuni. Kuni hizo zimetoka mbali. Kila mwaka mbali zaidi, maana migunga inakatwa, na ukiona magunia ya mkaa yaliyosimama kando ya barabara ya kwenda mjini utajua imekwenda wapi. Kwa hiyo nyumba nyingi zinafanya hesabu kila jioni: kuni hizi ni za ugali, za maji ya mtoto mchanga, au za kuota?

Kuota moto kunashinda mara nyingi kuliko wageni wanavyodhani. Nimewahi kumsikia mtu wa mradi fulani akiuita moto wa jioni kuwa ni upotevu wa kuni. Nilimwelewa, lakini alikuwa hajakaa hapo akasikiliza. Moto wa kipupwe ndio kikao cha nyumba. Ng'ombe wamekwisha kurudi kutoka kula mabua mashambani, samadi kavu inafuka moshi mlangoni mwa zizi, ugali wa uwele umeliwa kwa mlenda mkavu uliotiwa karanga, na wakubwa wanabaki. Hapo ndipo inapoamuliwa nafaka kiasi gani iuzwe na kiasi gani iingie kwenye kihenge.

Uamuzi huo unafanywa katika majira mabaya kuliko yote. Juni na Julai ndipo kila mtu ana nafaka, kwa hiyo bei iko chini, na ndipo malori ya wachuuzi yanapoingia vijijini, mengine yakielekea soko la Kibaigwa. Ndipo pia shule zinapofunguliwa na mahitaji yake, ndipo harusi zinapopangwa, na familia zenye vijana wa jando zinahitaji chakula na pombe ya kukaribisha watu, kwa kuwa jando la Wagogo linafanyika baada ya mavuno, wakati huu wa ubaridi. Kila kitu kinadai gunia. Marehemu baba alikuwa na utaratibu mmoja ambao hakuuvunja: alihesabu vinywa kabla ya kuhesabu magunia. Alitaja jina la kila mtu wa nyumba, mmojammoja, pamoja na wale wanaokuja Januari bila kualikwa, ndugu ambao njaa itawaleta. Alipomaliza majina ndipo akauliza kimebaki kiasi gani cha kuuza. Miaka mingine jibu lilikuwa sifuri, na lori likaondoka bila gunia letu hata moja. Nilipokuwa mtoto niliona aibu, kwa kuwa jirani zetu walirudi mnadani na viatu vipya. Februari nilikuwa nashiba.

Mnada wenyewe una sura yake wakati wa baridi. Mnada ni wa mifugo na nyama choma, lakini kipupwe kikiingia upande wa mitumba ndio unaojaa. Wauza mitumba wanamwaga chini juu ya turubali majaketi manene ajabu, yaliyoshonwa kwa ajili ya nchi za theluji: yana kofia zenye manyoya bandia, yana zipu mbili, yana mifuko ya ndani ya kuwekea glovu. Mengine bado yana beji za shule au za kampuni za huko yalikotoka. Jaketi ambalo lilimkinga mtu kwenye theluji ya Ulaya linamalizia maisha yake kwa kijana mchunga ng'ombe, anayelivaa juu ya kaptula, miguu mitupu ndani ya kandambili za tairi. Napenda kuwaona hivyo. Kifua kina joto, na hilo ndilo la kwanza. Bibi zetu wao hawayataki. Wanasema jaketi linabana mkono, halikuruhusu kumfunika mjukuu. Shuka moja nzito inafunika watu wawili, jaketi linafunika mmoja.

Sasa watoto. Likizo ya Juni inawasitiri kidogo, lakini Julai shule zinafunguliwa katikati ya baridi kali. Kwetu siku hizo jua linachomoza kama saa 12 na dakika 45 asubuhi. Mtoto anayeishi kitongoji cha mbali anaondoka nyumbani kabla ya hapo, gizani, ili awahi usafi na mstarini. Sweta, kama lipo, ni la rangi ya shule na ni jepesi, tena limerithiwa. Midomo imepasuka, mikono imepauka, visigino vina magaga yanayotoa damu. Mama mwenye mafuta ya mgando anampaka mtoto kwa kidole kimoja, kidogokidogo, kopo lifike Agosti. Asiye nayo anapaka mafuta ya alizeti ya kupikia, na hayo yanafaa. Ubaya wake ni vumbi kuganda usoni.

Na vumbi usoni, Ugogoni, si jambo la urembo. Wilaya ya Kongwa ni moja ya mahali duniani ambapo ugonjwa wa vikope umechunguzwa kwa miongo mingi. Ni ugonjwa wa macho unaoambukizwa na bakteria, kwa mikono, kwa nguo, na kwa nzi wanaotua kwenye uso wa mtoto wenye makamasi na matongo kisha kuhamia kwa mwingine. Ukijirudia kwa miaka, kope za jicho zinageukia ndani, zinakwangua mboni, na mtu anapofuka. Nimekua nikiwaona bibi wanaotembea na kibanio cha kung'olea kope, wakikaa juani mmoja akimng'oa mwenzake. Dawa ipo, antibiotiki imegawiwa vijijini kwa kampeni, hali imekuwa nafuu sana kuliko nilipokuwa mdogo. Lakini nguzo mojawapo ya kinga bado ni uso safi, na hebu mwambie mtoto wa miaka minne anawe uso saa 12 asubuhi ya Julai, kwa maji ya mtungi, upepo ukivuma. Anakimbia. Na mama mwenye dumu moja la lita 20 lililochotwa kwenye kisima cha mchanga korongoni hana nguvu ya kubishana naye.

Hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na mabango ya afya, yanayomwonyesha mtoto akinawa asubuhi. Nyumbani kwetu mama alihamisha saa. Kibuyu chirizi kilitundikwa upande wa nyumba unaopigwa na jua, kikashinda hapo tangu asubuhi, na ikifika saa 6 mchana maji yalikuwa vuguvugu. Tuliotoka shule tulinawa hapo kabla ya kupewa chakula, na wadogo waliobaki nyumbani walinawishwa kwa maji hayohayo. Kikombe kimoja kilipitisha nyuso kadhaa. Hakuna aliyelia. Asubuhi tulipanguswa tu kwa kitambaa chenye unyevu, kila mtu kwa ncha yake. Nimewaeleza hili wahudumu wa afya wa kijiji wawili watatu, na wamelichukua. Natamani lifike mbali zaidi, kwa sababu halina gharama na linakubaliana na mtoto.

Kuku nao. Kila mwaka kati ya Juni na Oktoba utasikia, "Baridi imemaliza kuku wangu." Asubuhi mtu anaamka anakuta saba wamelala chali bandani, waliobaki shingo zimepinda, wanaharisha kijani. Mama wa jirani yetu alipoteza banda zima hivyo, na kwa mwanamke wa kijijini banda la kuku ni daftari, sare, na nauli ya kwenda hospitali. Baridi na upepo huwadhoofisha kuku, ni kweli, lakini kinachowaua namna hiyo ni kideri, wengine wanaita mdondo, na kideri ni kirusi. Kinasafiri na kuku wanaonunuliwa mnadani na kuletwa nyumbani bila kutengwa. Chanjo yake ipo nchini: tone moja kwenye jicho, kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Ukichanja Mei, kabla baridi haijaingia, unaingia kipupwe na kuku wako. Tatizo letu ni kwamba kichupa kimoja kinatosha kuku wengi sana, na kikishafunguliwa hakikai, kwa hiyo nyumba moja yenye kuku tisa haiwezi kununua peke yake. Kwetu wanawake wa kitongoji wamekubaliana siku moja, wanachanga, kijana mmoja anapita na kichupa nyumba hadi nyumba kabla jua halijawa kali. Inachukua asubuhi moja.

Lakini lililonifanya nikae chini kuandika ni nyumba.

Nyumba ya asili ya Mgogo ni tembe. Waliopita reli ya kati au barabara ya Manyoni miaka ya nyuma wataikumbuka: ndefu, fupi kwenda juu, paa bapa. Kuta ni miti iliyosimikwa kwa karibu, fito zikafungwa, tope likakandikwa ndani na nje. Juu ni boriti, matawi, majani, kisha tabaka la udongo lililoshindiliwa. Mara nyingi inajengwa kuzunguka uwanja, na mifugo inalala hapohapo katikati, ndama na mbuzi wadogo ndani kabisa. Mchana udongo ule mzito unakunywa jua. Usiku unalitoa polepole. Ukiingia kwenye tembe saa 8 usiku wa Julai ukitokea nje, unaisikia tofauti usoni kabla hujafunga mlango. Mchana wa Oktoba, jua linapochoma, mle ndani mna ubaridi. Watu waliobuni nyumba ile walikuwa wanaijua nchi yao, mchana wake na usiku wake.

Tembe ilianza kuondoka zamani. Mwaka 1971 ilipofanyika operesheni ya kuwahamishia watu wa Dodoma kwenye vijiji vya ujamaa, kaya zilizotawanyika zilisogezwa kwenye mistari, na nyumba bora ikawa ni ya matofali na bati. Siisemi kwa ubaya. Tembe ina maovu yake, na mtu anayeisifu bila kuyataja hajalala humo. Mvua kubwa zikija paa linalowa, linavuja, wakati mwingine linaanguka juu ya watu. Mchwa wanakula miti. Haina madirisha ya maana, moshi wa jiko unakaa machoni na kifuani. Na ndani ya nyufa za udongo kuna papasi, wanaotoka usiku kuuma waliolala na kuwaachia homa inayokwenda na kurudi. Homa ya papasi imewaumiza sana wajawazito na watoto wachanga katika vijiji vyetu. Nyumba za bati zenye sakafu ya saruji zimewapunguza, na kwa hilo peke yake bati limestahili pesa yake.

Ila bati tunalolijenga sisi ni bati tupu. Kenchi, bati la geji nyembamba, basi. Hakuna dari. Kati ya ukuta na paa kuna mwanya wa kupitisha mkono mzima, dirisha ni nondo na wavu, shata hazijafika kwa sababu pesa iliishia kwenye bati. Nyumba ya namna hiyo inachomeka mchana na kuganda usiku. Bati halina uzito wa kuhifadhi chochote. Jua likizama nalo limezama. Ukilala chini yake Julai, unausikia upepo ukiliinua na kulibamiza usiku kucha, na ubaridi unashuka kutoka juu kama maji.

Mama mkubwa wangu ana nyumba nzuri kuliko zote kitongojini. Wanawe walioko Dar es Salaam wamemjengea, vyumba vitatu, bati jekundu, baraza lenye nguzo. Kila Juni anahamisha kitanda chake kukirudisha kwenye kipande cha tembe kilichobaki nyuma, anakolala na wajukuu wawili na mbuzi mwenye watoto. Wanawe wanapopiga simu wanagombana naye. Wanaona anawaaibisha, watu watasema wamemtelekeza. Nilimuuliza mwaka jana, tukiwa tumekaa ukuta wa mashariki tukiota jua. Akasema, "Ile ya mbele ni ya mvua na ya wageni. Wanangu wamenipenda, nimeona. Lakini mifupa yangu haijui rangi ya bati."

Nimekutana na habari hiyo nyumba baada ya nyumba. Wazee wanahamia jikoni. Wanalala karibu na mafiga, na mtoto mdogo anayetambaa au mtu mwenye kifafa akiwa hapo, moto unakuwa hatari ya kila usiku. Wengine, hasa wale waliowahi kuishi mjini, wanaingiza jiko la mkaa chumbani, wanafunga mlango, wanaziba na mwanya wa chini kwa tambara. Hili nalisema kwa nguvu zangu zote: mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na watu wanalala wasiamke. Jiko la mkaa libaki nje. Kama ni lazima kupasha chumba, pasha mlango ukiwa wazi, kisha toa jiko kabla mtu hajalala, bila kujali makaa yamebaki mangapi.

Na watoto wachanga. Muuguzi yeyote wa zahanati za kwetu atakuambia kipupwe ni wakati wa vifua. Mtoto anapumua harakaharaka, mbavu zinaingia ndani, na mama anaambiwa na majirani asimtoe nje kwenye upepo, asubiri jua lipande. Hapana. Mtoto anayepumua hivyo anapelekwa saa ileile, amefungwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, shuka juu yao wote wawili. Joto la mama linamtosha njiani.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wenzangu tunaotuma pesa nyumbani, maana ndio tunaojenga Ugogo wa sasa. Tukipanga nyumba ya mzazi tunapiga hesabu ya bati, saruji na rangi. Tuanze na chumba kimoja, kile atakacholala mzee, tukimalize. Dari kwanza. Si lazima jipsamu ya mjini. Sandarusi, yaani mifuko mitupu ya nafaka, zikifuliwa, zikashonwa pamoja na kuvutwa vizuri chini ya kenchi, zinakata ule ubaridi unaoshuka, na zikipakwa chokaa chumba kinang'aa. Mwanya wa juu ya ukuta uzibwe kwa udongo, zikiachwa tundu chache zenye wavu ili hewa ipite. Ukuta wa chumba hicho uwe mnene: tofali mbichi zilizopangwa mbilimbili zinahifadhi joto la jua vizuri, na hazikumaliza kuni za tanuri. Dirisha liwe na mlango wa mbao wa kufunga usiku. Sakafu iwe ngumu na nyufa za ukuta zizibwe kila mwaka ili papasi wasipate pa kukaa. Kitanda kiinuke kutoka chini. Haya yote fundi wa kijijini anayaweza, na mzee aliyezaliwa kwenye tembe atamsimamia vizuri kuliko sisi.

Kwa mama tumeanza. Fundi ameshapima chumba, akamwuliza yeye badala ya kuniuliza mimi, nami nimefurahi. Kazi ya udongo wamekubaliana ifanyike Aprili, lambo likiwa bado na maji, kwa sababu ikifika Juni hakuna dumu la kuchezea tope. Mbao za dari nimelipia. Sandarusi mama anazishona mwenyewe jioni, na ameniagiza nimletee kamba ya manila ya kushonea, si uzi wa pamba, maana uzi wa pamba panya wanaula.